Dawa ya aleji kwa mtu asiyepatana na maziwa, ipo? Vidonge vimenishinda, ya maji ndo balaa zaidi

MhamiajiDom:
Habarini za humu wakuu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu au wataalamu wa famasi, maana nimezunguka maduka ya dawa hapa mjini mpaka nimechoka na kila ninayemuuliza ananiangalia kama nimemletea utani.

Mimi mzaliwa wa Tanga, nimehamia Dodoma kikazi, mwaka wa pili huu. Tanga sikuwahi kujua aleji ni mdudu gani. Nimefika huku, ukianza tu ule upepo wa Julai na vumbi lake, pua inaziba, chafya kumi na tano mfululizo kabla hata sijavaa viatu, macho yanawasha nayafikicha mpaka yanakuwa mekundu, bosi akadhani nakesha baa. Daktari akasema ni mafua ya mzio, akaniandikia setirizini miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Chafya kweli zikapungua, sina ugomvi nayo kwa hilo.

Ugomvi uko tumboni. Mimi na maziwa hatujapatana tangu utotoni. Glasi moja ya maziwa fresh, saa moja haipiti tumbo linaunguruma kama pikipiki iliyogoma kuwaka, gesi, alafu mbio chooni. Mtindi nakunywa vizuri tu, maziwa fresh ndo siyawezi. Sasa kama wiki mbili baada ya kuanza vile vidonge tumbo likaanza yaleyale ya maziwa, na sijagusa maziwa! Nikaingia mtandaoni kusoma nikakuta kumbe vidonge vina laktosi, ile sukari ya maziwa. Nikasema hapa nimemkamata mchawi. Nikaenda kununua ya maji nikijua hiyo haina laktosi, nikawa nakunywa mililita 10 kama nilivyoelekezwa. Jamani. Siku ya tatu nilishuka kwenye daladala njiani si kwa sababu nimefika, naomba niishie hapo.

Kwa hiyo maswali yangu: kuna dawa ya aleji isiyo na laktosi? Na kwanini ya maji ndo ilizidisha? Alafu nina mtoto wa dada yangu, miaka minne, yeye ni aleji ya maziwa ya ng'ombe kabisa, akionja anavimba midomo, naye anasumbuliwa na mafua haya haya. Je setirizini na yeye imkatazwe?

Mla_Muhogo:
Mtu wa Tanga hunywi maziwa?? Umetuangusha mkuu, rudisha kitambulisho 😂
Achana na madawa ya gharama, tafuta Piriton, za buku unakula wiki nzima. Babu yangu katumia hizo miaka yote.

BodaMakole:
Piriton usiku sawa, mchana kaka usithubutu kama unaendesha chombo. Mimi niliwahi kumeza mbili saa mbili asubuhi nikapakia abiria wa kwenda Nkuhungu, nikashtuka abiria ananipiga begani "kaka taa imeshawaka kijani zamani". Nilikuwa nimelala nimekaa na pikipiki inaunguruma. Tangu siku hiyo bora nipige chafya.

Shangazi_Asali:
Kwanza pole mwanangu. Mie nilitumia habbat soda na asali miezi miwili, sasa hivi niko salama. Ikishindikana kuna sindano ya aleji, unachoma moja unasahau msimu mzima, jirani yangu anachomwa kila mwaka pale kwenye duka la dawa la mtaani kwetu. Tumbo halihusiki kabisa maana inapitia kwenye nyama.

Mfamasia_wa_Kona:
Pole mkuu MhamiajiDom. Mimi niko nyuma ya kaunta ya famasi mwaka wa tisa huu, nitaandika kirefu kidogo mnivumilie maana hapa kuna mambo matatu yamefungwa kwenye mzigo mmoja.

Tuanze na kidonge. Setirizini yenyewe, hiyo miligramu 10, ni kitu kidogo mno, ukiimwaga mezani ni kama chumvi ya kubana kwa ncha za vidole, tena haifiki. Huwezi kuiuza hivyo. Kiwanda lazima kiongeze cha kujazia ndo kitoke kidonge cha kushikika, na laktosi inapendwa na viwanda kwa sababu ni rahisi, inashikamana vizuri kwenye mashine na haina ladha ya kumkera mtu. Kwa hiyo ni kweli ulichosoma, setirizini nyingi za vidonge zina laktosi, loratadini nyingi vilevile, levosetirizini vilevile, na hata hizo Piriton za vidonge anazozisifia ndugu hapo juu zina laktosi pia, kwa hiyo ukikimbilia huko kwa ajili ya tumbo utakuwa umehama chumba hujahama nyumba.

Lakini uliza ni kiasi gani. Kidonge kimoja cha setirizini mara nyingi kina laktosi ya miligramu 60 mpaka 100 hivi. Glasi ya maziwa ya ng'ombe ya mililita 250 ina kama gramu 12, yani miligramu elfu kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe, ili ufikie glasi moja ya maziwa ungemeza vidonge 120 na kuendelea, na hapo laktosi ndo ingekuwa tatizo lako dogo kabisa. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilipitia tafiti mwaka 2010 ikaona watu wengi wasiopatana na laktosi wanavumilia mpaka gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila dalili, au na dalili kidogo tu. Wewe unasema glasi moja inakumaliza, sawa, chukulia wewe ni mwepesi kuliko wengi. Bado kidonge kimoja ni tone kwenye ndoo. Kwa hiyo mimi kidonge simkamati bado, namwacha kwa dhamana.

Ya maji sasa, huyo nina ushahidi naye. Ichukue hiyo chupa igeuze nyuma, au toa karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi, tafuta palipoandikwa "sorbitol" au "E420". Ni sukari ya aina yake, inawekwa ili dawa iwe tamu bila kuozesha meno. Utumbo mdogo hauinyonyi vizuri, kwa hiyo inashuka huko chini ikiwa bado nzima, inavuta maji, na bakteria wa utumbo mpana wanaichachua, hapo ndo gesi na mbio zinapotokea. Sorbitoli kama sorbitoli inatumika hospitali kulainisha choo! Mtoto anayepewa mililita mbili na nusu anaweza asihisi kitu, ila wewe mtu mzima umekunywa mililita 10 kila siku, hiyo ni sorbitoli ya kuhesabika kwa gramu kwenye dawa nyingi za namna hiyo, si miligramu. Umekimbia kijiko cha chumvi ukaangukia kwenye gunia. Na kuna watu wachache sana waliozaliwa na hitilafu ya kurithi ya kutovumilia fruktosi, hao sorbitoli ni marufuku kabisa, siyo suala la tumbo kuunguruma tena, ini na figo zinaumia.

Mtoto wa dada. Hapa naomba mtulie maana ndo watu wanapokosea kila siku. Kutopatana na laktosi na kuwa na aleji ya maziwa ni vitu viwili tofauti. Wewe tatizo lako ni SUKARI ya maziwa, mwili hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, unateseka lakini hufi. Yeye tatizo lake ni PROTINI ya maziwa, kinga ya mwili inaipiga vita, na hiyo inaweza kuua. Mtindi unaokufaa wewe, kwa sababu wale wadudu wa kugandisha wameshakula sehemu ya laktosi, yeye utampeleka hospitali. Upande wa dawa, laktosi ya viwandani inatokana na maziwa ila imesafishwa, na kwa vidonge vya kumeza ni nadra kuleta shida hata kwa wenye aleji ya protini. Wanaotakiwa kuogopa hasa ni wale wanaotumia dawa za pumu za UNGA, zile za kuvuta mdomoni, maana nyingi zina laktosi yenye mabaki kidogo ya protini na karatasi yake inasema wazi asitumie mwenye aleji kali ya protini ya maziwa. Kwa huyo mtoto setirizini ya maji mara nyingi haina laktosi kabisa, ila apimwe na daktari wa watoto, aeleze hiyo historia ya kuvimba midomo. Na dada yako ajue hili: akivimba midomo akianza kukoroma kifuani au kutapika na kulegea, hapo siyo muda wa kutafuta setirizini kabatini, ni hospitali mbio, dawa yake ni adrenalini.

Sasa utumie nini wewe. Kama unataka tu kukaa mbali na laktosi, ulizia feksofenadini. Nyingi, siyo zote, zinatengenezwa bila laktosi, na kati ya hizi zote ndo isiyoleta usingizi kirahisi, BodaMakole angalia hapo. Ina sharti moja ambalo watu hawaambiwi: usiimeze na juisi ya machungwa wala tufaa wala balungi, inazuia dawa kunyonywa. Meza na maji. Na ukitumia dawa za kiungulia zile zenye aluminiamu na magnesiamu weka saa mbili katikati.

Ila ningekuwa wewe ningeanza na ya kupuliza puani, flutikasoni au mometasoni au beklometasoni. Hakuna kidonge, hakuna laktosi, inayofika tumboni ni kidogo sana, na kwa pua iliyoziba zinafanya kazi kuliko kidonge. Watu wanaziacha kwa sababu mbili. Moja wanataka ifanye kazi palepale kama Vicks, kumbe inataka siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili ndo uone nguvu yake yote. Mbili wanapuliza vibaya. Inamisha kichwa mbele kidogo, siyo nyuma, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, elekeza nje kwenye kona ya jicho siyo kwenye ukuta wa katikati ya pua. Ukipuliza kwenye ukuta wa katikati pua inatoka damu alafu unakuja kunilaumu mimi.

Shangazi shkamoo. Asali kula tu. Hiyo sindano ya kuchoma msimu mzima mara nyingi ni steroidi ya kukaa muda mrefu mwilini, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inaliwa, na ikishaingia huwezi kuitoa. Jirani yako akapime sukari tafadhali.

Swali langu kwako mkuu kabla sijafunga jalada: hicho kidonge ulikuwa unameza saa ngapi na unameza na nini?

Shangazi_Asali:
Marahaba mwanangu. Jirani nimemwambia, kanuna. Ila sukari atapima.

MhamiajiDom:
Mfamasia Mungu akubariki, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Nimegeuza chupa muda huu, maandishi madogo nimepiga picha nikayakuza: "sorbitol solution 70%". Ipo ya pili tu kwenye orodha baada ya dawa yenyewe! Mtu nimekaa nayo kabatini wiki nzima.

Kidonge nilikuwa nameza asubuhi nikifika ofisini. Usiku nasahau. Yule kijana wa duka la dawa aliniambia nisimeze tumbo tupu kwa hiyo nikawa nachukua uji wa lishe kwa mama mmoja anauza hapo nje ya geti, nameza na huo. Zamani asubuhi nilikuwa napiga chai ya rangi na kiazi.

Mfamasia_wa_Kona:
Setirizini haina shida na tumbo tupu, huyo kijana alikutakia mema tu. Sasa nenda kamuulize mama wa uji anaweka nini. Usimuulize "una maziwa?" atasema hapana akijua ni ya ng'ombe. Muulize anachanganya nini na nini.

WamboiMamaKe:
Niko Nairobi, naomba niongeze kitu. Msichana wangu ana seliaki, yaani ngano ni sumu kwake, chapati hajaonja tangu akiwa na miaka saba. Hiyo si laktosi lakini shida ya dawa ni ileile, na nimejifunza kwa uchungu.

Cha kwanza, mkikubali kuuziwa vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye stripu na kutiwa kwenye kabahasha ka kaki, mmekwisha. Hapo hakuna boksi, hakuna karatasi, jina la kiwanda limebaki kwenye kile kipande kingine. Mimi siku hizi nanunua boksi nzima hata kama ni ghali, na kama sina pesa ya boksi namwomba wa kemisti anitolee ile karatasi niipige picha. Wengine hununa. Wanune.

Cha pili, usikariri jina la dawa, kariri KIWANDA. Dawa ni ileile, miligramu ni zilezile, lakini kiwanda hiki kinajazia laktosi na kile kinajazia kitu kingine. Nilimpa msichana wangu dawa moja miezi sita bila neno, mwezi wa saba nikapewa ya kampuni ingine kwa kuwa ile imeisha, na mimi sikuangalia. Karatasi ilisema tu "starch". Starch ya nini? Nyingi huwa ya mahindi au viazi, hiyo haina neno, lakini kuna zinazotumia ya ngano. Niliandikia kampuni barua pepe, wakanijibu siku ya nne kwamba ni ya mahindi. Siku nne bila dawa, mtoto anapiga chafya hadi majirani wanasema bless you kupitia ukuta.

Na mimi mwenyewe nina mafua ya mzio. Kila Oktoba jacaranda zikichanua nilikuwa nailaumu hiyo miti, nikitaka hata yule jirani akate wake, hadi daktari akaniambia chavua ya jacaranda hubebwa na nyuki, haipeperuki sana, adui yangu ni nyasi. Jirani sijawahi kumwambia nilivyompangia.

Vidonge_Vitano:
Mfamasia nakuheshimu ila hapo kwenye "tone kwenye ndoo" nina neno. Mimi nina presha, nina sukari, nina tezi ya shingo, kwa siku nameza vidonge vitano kabla hujaongeza cha aleji. Nilivikagua vyote siku moja na miwani yangu, vinne vina laktosi. Kila mtu ananiambia kidogo tu, kidogo tu, kidogo cha kila mtu kinaishia kwangu. Nilipobadilishiwa ya tezi nikapewa isiyo na laktosi tumbo lilitulia. Msituambie tunajitungia.

Mfamasia_wa_Kona:
Mama sijasema unajitunga, na kama nilivyoandika ndo ulivyosikia basi niwie radhi. Hesabu ya vidonge vinne bado kwa kawaida haifiki hata gramu moja, lakini kuna matumbo mepesi kweli na kuna watu wenye utumbo unaoshtuka kwa vitu vidogo sana, na mtu anayemeza vingi ndo wa kwanza kuangaliwa. Ningekuwa na wewe dukani ningekwambia tujaribu: wiki mbili bila, wiki mbili nacho, kwa dawa ya aleji tu ambayo ukiikosa hufi. Tumbo likifuata kidonge mara mbili mfululizo, basi ni kidonge, nami nanyoosha mikono. Za presha, sukari na tezi usizikatishe kwa majaribio, hizo unaongea na daktari akubadilishie. Na ya tezi hasa, hata kubadili kiwanda tu kunaweza kuyumbisha dozi, kwa hiyo wakikubadilishia tena omba kipimo cha damu baada ya wiki sita hivi.

Vidonge_Vitano:
Nimekuelewa baba. Kipimo sikufanyiwa, nitadai.

BintiMaskati:
Assalam alaykum. Mimi niko Maskati, vumbi la huku si la kuhadithia, na ofisini eisii mwaka mzima kama friji. Nilikuwa na suala jengine kidogo, zile kapsuli laini zenye setirizini ndani, zinang'ara kama shanga. Ganda lake ni la nini? Nisije nikameza kisichofaa. Na je zina hiyo sorbitoli?

Mfamasia_wa_Kona:
Waalaykum salaam. Ganda la kapsuli laini kwa kawaida ni jelatini, inatoka kwa ng'ombe au nguruwe, boksi halisemi kila mara ni ya nani, kwa hiyo uliza au chukua vidonge vya kawaida ambavyo kwa setirizini mara nyingi havina jelatini. Na sorbitoli ndiyo, magamba laini mengi yanawekewa ili yasikauke na kupasuka, ila kiasi chake ni kidogo kuliko cha chupa. Huko ulipo uliza boksi lenye alama ya halali utapata kirahisi kuliko sisi.

Mla_Muhogo:
Kumbe kidonge kina ukoo mrefu hivi. Mimi nilijua ni chokaa.

MhamiajiDom:
Nimerudi na majibu, kaeni mkao.

Leo asubuhi nimeenda kwa mama wa uji, nikasubiri foleni iishe, nikamuuliza kama nilivyofundishwa, mama uji wako huu unachanganya nini na nini maana ni mtamu kuliko wa nyumbani. Akafurahi huyo! Akaanza kuhesabu kwa vidole: ulezi, mahindi, soya, karanga za kukaanga, "na maziwa ya unga mwanangu, vijiko vitatu vya chakula kwa sufuria, mwishoni kabisa nikiepua, ndo unanoga". Akanifungulia na mfuko anionyeshe. Vijiko vitatu anasema, ila kile kijiko nilichokiona kimekaa ndani ya mfuko, wakuu, ni pauwa. Nimekuwa nakunywa vikombe viwili kila siku tangu nianze dawa. Mimi! Naacha kuwekewa maziwa kwenye chai kwa mama mkwe, naonekana nina maringo, kumbe kila asubuhi natoa hela yangu mwenyewe kununua.

Kwa hiyo wiki mbili za kidonge zilikuwa wiki mbili za uji. Na ile ya maji niliinywa juu ya uji uleule, sorbitoli na maziwa zikakutana barabarani, daladala ndo ikawa shahidi.

Nilichofanya: uji nimesimamisha tangu juzi niliposoma swali la Mfamasia, nikarudia kidonge kilekile cha mwanzo, boksi lilelile lenye laktosi, nakimeza na maji. Leo siku ya tatu tumbo kimya. Siku tatu ni chache najua, nitawaambia wiki mbili zikiisha. Ya kupuliza nimenunua pia, elfu kumi na kitu imeniuma, nimeanza jana na nimepuliza kwa mikono ya kupishana kama nilivyoagizwa, mke wangu akauliza kama nafanya mazoezi. Pua bado inaziba kidogo, nasubiri hizo siku.

Dada yangu nimemtumia yale ya mtoto. Ana miadi na daktari wa watoto wiki ijayo, na nimemwambia aende na mabox siyo na bahasha.

WamboiMamaKe:
😂😂 Pauwa! Na mama wa uji umemwambia?

MhamiajiDom:
Nimemwambia ukweli, kwamba maziwa yananisumbua. Kaniangalia akanionea huruma kweli, akasema basi atakuwa ananitengea changu kabla hajaweka. Leo kanitengea, kikombe cha mfuniko, kaandika M kwa peni. Nimekunywa. Hakinogi hata kidogo, ila siwezi kumwambia.

BodaMakole:
Weka karanga nyingi.

Mfamasia_wa_Kona:
Na mtoto wa dada asionje cha sufuria kubwa hata kwa ncha ya kijiko. Mwiko mmoja ukikoroga vyote, hata hicho chenye M siyo chake.